Kifaa Kinapomfanyia Mwanafunzi Kazi Yake

Kila somo lina hatua moja ambayo ndiyo somo lenyewe. Kwenye kujumlisha sehemu, hatua hiyo ni kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Yanayobaki ni kuandika tu. Kwenye insha ni kuamua hoja ipi itangulie na ipi iachwe. Kwenye lugha ya kigeni ni ule muda mfupi wa kulisaka neno kichwani huku mwenzako akisubiri umalize sentensi. Hatua hiyo inachosha na inaudhi, na mwanafunzi yeyote angefurahi mtu mwingine akimfanyia. Hapo ndipo simu janja, kikokotoo na akili mnemba (AI) vinapoingia. Vyote vimetengenezwa kupunguza uchovu, na uchovu mwingi wa mwanafunzi umelala hapo hapo somo lilipo.

Wengi wetu tunaofundisha tumeacha kuulizana kama teknolojia ni nzuri au mbaya, maana mjadala huo hausaidii kuandaa kipindi cha kesho. Tunauliza: kifaa hiki kinafanya hatua ipi, na je, hatua hiyo ndiyo niliyokuja kuifundisha? Ukifundisha takwimu ngazi za juu, acha kompyuta ipige wastani wa namba mia mbili, kwa kuwa somo ni kusoma maana ya huo wastani. Ukifundisha wastani kwa mara ya kwanza, namba ziwe tano na zijumlishwe kwa mkono. Mwalimu aipigie mstari hatua hiyo kwenye andalio la somo kabla hajaingia darasani. Asipoiona, basi hata bila kifaa chochote kipindi hicho hakijaiva.

Nianze na kikokotoo, kwa sababu tumeishi nacho muda mrefu na makosa yake yanaonekana waziwazi. Mwanafunzi akiandika 3 + 4 × 5 kwenye kikokotoo kidogo cha kawaida, kile cha alama nne za hesabu, mara nyingi atapata 35. Jirani yake akibonyeza vivyo hivyo kwenye kikokotoo cha kisayansi atapata 23. Hakuna kilichoharibika. Kile kidogo kinafanya kazi kadiri vitufe vinavyobonyezwa: kimeshajumlisha 3 na 4 kabla hakijaona alama ya kuzidisha. Cha kisayansi kinasubiri mstari wote uishe, kisha kinazidisha kwanza. Jambo la namna hiyo hutokea pia kwenye kipeo cha pili cha namba hasi. Ukiandika =-3^2 kwenye jedwali la Excel utapata 9, na kikokotoo cha kisayansi kitakupa −9. Mwanafunzi asiyejua mpangilio wa matendo ya hesabu hana namna ya kuamua nani kasema kweli. Atachagua kifaa chenye bei kubwa zaidi.

Pembe nazo zina mtego wake. Sin 30 ni 0.5 kikokotoo kikiwa kwenye digrii. Kikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, kitatoa −0.988, na kwenye gradiani, kipimo cha tatu, 0.454. Kikokotoo kilichoazimwa kwa mwanafunzi wa darasa jingine, au kilichotoka tu kubadilishwa betri, kinaweza kuwa kwenye mpangilio wowote kati ya hiyo mitatu. Dawa yake inachukua sekunde tano: kabla ya zoezi au mtihani kila mmoja abonyeze sin 30 na aone 0.5. Asipoiona, arekebishe mpangilio kabla hajagusa swali la kwanza.

Kinga kubwa zaidi ni makadirio. Chukua 48 × 21. Kichwani ni 50 mara 20, yaani kama 1,000 hivi, na jibu kamili ni 1,008. Kidole kikiteleza na kuandika 201 badala ya 21, kioo kitaonyesha 9,648, na mwanafunzi asiyekuwa na makadirio ataandika 9,648 kwa wino bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili, ya makadirio na ya jibu la kikokotoo, na swali la alama nne litenge alama moja kwa ajili ya makadirio. Kinachoharibu mpango huu kinajulikana: wanafunzi hupiga kikokotoo kwanza, kisha wanatunga makadirio yanayofanana na jibu. Utawagundua kwa sababu makadirio yao yanakuwa sahihi kupita kiasi. Hakuna mtu anayekadiria 48 × 21 kuwa 1,010. Njia inayofaa ni kukusanya vikokotoo vyote mezani kwa mwalimu, kuwapa dakika tatu waandike makadirio ya maswali kumi, na baada ya hapo tu ndipo vikokotoo vigawiwe.

Kuna wanaosema jedwali la kuzidisha limepitwa na wakati kwa sababu kila mfuko una simu. Mweleze mtu huyo atafute vigawo vya x² + 15x + 56. Unatakiwa uone namba mbili ambazo zikijumlishwa zinatoa 15 na zikizidishwa zinatoa 56. Aliyekariri jedwali anaona 7 na 8 papo hapo. Asiyelikariri hawezi hata kuuliza kikokotoo, maana hajui akiulize nini. Atajaribu 1 na 56, 2 na 28, na kufikia hapo ameshasahau alikuwa anatafuta nini. Akili ya binadamu inashikilia mambo machache sana kwa wakati mmoja, kama manne hivi kwa makadirio yanayokubalika na wataalamu wengi wa kumbukumbu. Kila jambo dogo linalohitaji kutafutwa nje ya kichwa linakalia nafasi moja kati ya hizo. Mimi sioni haya kusema kwamba jedwali mpaka 12 × 12 likaririwe, na likaririwe mapema.

Tuje kwenye kuandika dondoo. Picha ya ubao ndiyo dondoo inayopendwa sasa: kipindi kikiisha simu ishirini zinanyanyuliwa, kamera zinalia, na ubao unafutwa. Picha hizo hukaa kati ya picha za harusi na za mpira, na mtihani ukikaribia hakuna anayekumbuka ni za wiki gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Betsy Sparrow na wenzake ulionyesha kwamba watu walioamini kompyuta itawahifadhia taarifa walizikumbuka vibaya kuliko walioamini zitafutwa. Ubongo ukijua kuna ghala, haubebi.

Kuchapa kwenye kompyuta mpakato kuna tatizo lake tofauti. Msemaji wa kawaida hutamka maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Mwandiko wa mkono haufikii hata robo yake, hivyo anayeandika kwa kalamu analazimika kuchagua, na kule kuchagua ndiko kuelewa. Mchapaji mwepesi anaweza kunasa karibu kila neno bila kuelewa hata moja. Mwaka 2014 utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer uliipa kalamu ushindi. Waliorudia jaribio hilo miaka iliyofuata walipata matokeo ambayo hayakuwa wazi kiasi hicho. Kwa hiyo nisingemnyang'anya mtu kibodi kwa sababu hiyo peke yake. Ninachomwekea ni kikomo: dondoo za kipindi kimoja zisizidi nusu ukurasa. Kikomo hicho kinamrudishia mchapaji ile kazi ya kuchagua.

Picha ya ubao nayo ina matumizi mazuri ikija mwisho. Mwanafunzi anakunjua daftari, anaandika kwa dakika tano yote anayoyakumbuka kuhusu kipindi bila kuangalia popote, kisha anafungua picha na kujaza yaliyopungua kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi ya pili inamwonyesha mahali pa kusoma usiku huo. Kujikumbusha kwa namna hii kunauma kuliko kusoma tena, na ndiyo sababu kunafaa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja lilisoma maandishi mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja na kujikumbusha mara tatu. Baada ya dakika tano waliosoma tena na tena walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja hali ilipinduka: asilimia 40 kwa 61. Mwanafunzi anayepitisha kidole kwenye kioo akisoma dondoo zilezile kwa mara ya nne anajisikia amejua, na hajidanganyi kwa makusudi. Kweli kwa dakika tano zile anajua.

Kusoma kwenye kioo cha simu au kompyuta nitakupitia haraka. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 ulikuta karatasi inawazidi kidogo wasomaji wa kioo katika ufahamu, hasa kwa maandishi ya kutoa taarifa na pale muda unapobana. Hadithi fupi haina shida sana. Sura ya kitabu cha baiolojia ina shida. Ikiwa karatasi haipatikani, kila baada ya ukurasa mmoja mwanafunzi asimame na kuandika sentensi moja ya maneno yake. Huenda sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kasi: kwenye kioo mkono unasukuma kabla jicho halijamaliza.

Kutafuta mtandaoni kuna imani moja potofu inayoniumiza zaidi ya zote, kwamba anayeweza kutafuta hahitaji kujua. Kutafuta kunahitaji maneno, na maneno yanatoka kwenye ujuzi. Mwanafunzi anayeona majani ya mmea yamekuwa ya njano ataandika "majani ya njano" na atapata kurasa elfu zinazopingana. Anayejua kwamba upungufu wa nitrojeni huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na wa madini ya chuma huanzia majani machanga ya juu, ataangalia mmea kwanza, kisha atatafuta jambo moja tu. Kwa hiyo zoezi la kutafuta lianze kwa karatasi: andika unachodhani, andika maneno matatu utakayotafuta, na andika ni jibu gani litakufanya ubadili mawazo. Dakika nne zinatosha. Baada ya hapo ndipo kifaa kifunguliwe.

Kuhusu kuamini au kutoamini ukurasa, wanafunzi wengi hufundishwa kuukagua ukurasa wenyewe: una nembo, una tarehe, umeandikwa vizuri? Watapeli wanajua hayo yote na wanayatimiza. Katika utafiti wa mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa taarifa wakikagua tovuti. Wahakiki waliufunga ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo, na wakapata ukweli kwa haraka kuliko wasomi waliobaki kusoma kwa makini. Wafundishe watoto hivyo: toka kwanza, kauliza jirani, kisha rudi. Na vyanzo viwili vihesabiwe viwili pale tu ambapo kimoja hakijanakili kingine. Nakili sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka cha kwanza, itafute ikiwa ndani ya alama za kunukuu, na utaona imezaliwa wapi.

Sasa akili mnemba, ambayo imetushtua walimu wote tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Kuna jaribio moja ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Lilifanyika nchini Uturuki kwa wanafunzi wapatao elfu moja wa sekondari, somo la hisabati. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na dondoo tu. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida. La tatu lilipewa iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo bila kutaja jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya la kwanza, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha vifaa vikaondolewa na mtihani ukafanywa. Kundi la pili lilianguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuwa na kifaa. Kundi la tatu lililingana nao kwa kiasi kikubwa.

Tazama vizuri kilichotokea. Wanafunzi wa kundi la pili walikuwa na alama nzuri siku zote za mazoezi, na mwalimu anayesahihisha mazoezi hayo angewapongeza. Alama za mazoezi yaliyofanywa kwa kifaa zilikuwa zinapima kifaa. Kwa hiyo zoezi la nyumbani lisilosimamiwa lisibebe uzito mkubwa kwenye alama ya mwisho. Libaki kuwa zoezi. Uzito uhamie kwenye kinachofanyika mbele ya macho, hata kama ni jaribio la dakika kumi kila Ijumaa.

Vilevile tazama kundi la tatu, maana wengi wanaonukuu jaribio hili huliacha. Namna kifaa kilivyoelekezwa iliondoa karibu madhara yote. Mwanafunzi anaweza kukielekeza mwenyewe. Afanye swali kwanza mpaka akwame, apige picha au aandike hatua zake, kisha aseme: "Niambie ni mstari wa ngapi nimekosea, usinipe jibu wala usinionyeshe mstari sahihi." Akirekebisha, arudi tena. Kinachoharibika ni uvumilivu: baada ya kidokezo cha pili mwanafunzi aliyechoka huandika "nipe jibu", na mashine inampa bila kusita. Wakati mwingine mashine yenyewe inasahau ombi na kumwaga suluhisho zima. Kwa watoto wadogo nisingetegemea nidhamu hiyo hata kidogo. Afadhali mzazi au ndugu mkubwa akae karibu na akishike kifaa yeye.

Mashine hizi pia hukosea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Zinataja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, na majina ya waandishi wanaofanana sana na waandishi wa kweli. Sheria rahisi darasani ni kwamba kitabu au makala yoyote iliyotajwa kwenye kazi, mwanafunzi aweze kuifungua mbele ya mwalimu na kuonyesha ukurasa. Asipoweza, sentensi hiyo inafutwa pamoja na hoja iliyosimama juu yake.

Usiziachie mashine nyingine kazi ya kugundua nani amedanganya. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kutambua maandishi ya akili mnemba, na Julai 2023 wakaiondoa wenyewe kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba programu za namna hiyo huwatuhumu zaidi ya mara moja katika kila mbili watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa kuwa msamiati wao ni mwepesi na sentensi zao hazina mbwembwe. Fikiria mtoto aliyehangaika na kamusi usiku kucha, kisha anaambiwa ni mwizi. Dhuluma hiyo haifutiki.

Njia ya zamani inafanya kazi vizuri zaidi. Mpango wa insha uandikwe darasani kwa mkono, dakika ishirini, na mwalimu aukusanye. Rasimu iandikwe popote. Kisha yafuate mahojiano ya dakika tatu. Darasa la wanafunzi 45 lingekula dakika 135, jambo ambalo haliwezekani kila wiki, kwa hiyo chagua kwa bahati nasibu na uwaite wanane tu. Ni dakika 24, na kwa kuwa hakuna anayejua ataitwa lini, wote wanajiandaa. Maswali yawe ya uamuzi: kwa nini hoja hii umeitanguliza? Ukiambiwa ufute aya moja, utafuta ipi? Neno hili la mstari wa tatu ungelieleza vipi kwa mdogo wako? Aliyeandika mwenyewe atajibu, hata kwa kigugumizi, kwa sababu alishateseka na maamuzi hayo. Aliyenakili atarudia maneno ya kwenye karatasi. Mruhusu mwenye haya ashike karatasi yake mkononi na ajibu kwa lugha anayoiweza. Unapima fikra zake, na woga wa kusimama mbele ya mwalimu usihesabiwe kuwa ushahidi.

Kuna jambo dogo kuhusu Kiswahili ambalo limepuuzwa. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo insha ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa hujaa mistari myekundu chini ya kila neno. Mwanafunzi anazoea kuipuuza, na siku anapoandika "amefika" kwa kukosea kuwa "amefka" haoni chochote cha ajabu. Ingia kwenye mpangilio wa lugha, ongeza Kiswahili kama lugha ya kuhakiki, na zima urekebishaji wa papo hapo kwenye simu. Hapo mstari mwekundu utarudi kuwa na maana.

Simu yenyewe, ikiwa haitumiki kwenye kipindi, itoke mezani. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2017 ulidai kwamba hata simu iliyozimwa sauti inapunguza uwezo wa kufikiri ikiwa karibu, na waliorudia si wote waliopata jibu hilo. Sababu ya kawaida inatosha: arifa ikiingia, jicho linakwenda, na mawazo hayarudi palepale yalipokuwa. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu kwenye shule za msingi na za kati. Shule isiyo na sheria ya nchi inaweza kuweka utaratibu wake, ila utaratibu huo unavunjika kwa njia zilezile kila mahali. Wanafunzi hukabidhi simu mbovu na kubaki na nzima. Simu hupotea na hakuna anayejua ilipokelewa na nani. Mwalimu mwenyewe anajibu ujumbe katikati ya kipindi, na kuanzia dakika hiyo sheria imekufa.

Sanduku liwe na mifuko yenye namba zinazolingana na orodha ya mahudhurio, liwe na kufuli, na mwanafunzi aweke saini anapotoa na anapochukua. Simu zizimwe kabisa, kwa sababu simu thelathini zinazotetemeka ndani ya sanduku ni kelele mpya. Simu ya mwalimu iingie kwanza. Andika mapema nani amesamehewa: mwenye kipimo cha sukari kinachosomwa kwa simu, mwenye kifaa cha kusikia kinachoendeshwa kwa simu, mwenye mgonjwa nyumbani. Na ofisi iwe na namba moja ambayo wazazi wanajua itapokelewa, la sivyo wazazi ndio watakaokuwa wa kwanza kuvunja utaratibu.

Utegemezi wa shule nzima ni mkubwa kuliko wa mwanafunzi mmoja, na hauonekani mpaka siku ya kukatika. Mwaka 2020, UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 ambao shule zao zilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia kwenye vifaa ambavyo wengi hawakuwa navyo. Lakini kuwa na kifaa peke yake hakutoshi. Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto, na tathmini iliyofanywa na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika katika shule 319 na kuchapishwa mwaka 2012 haikuona ongezeko la alama za hisabati wala lugha baada ya takriban miezi 15. Kompyuta zilifika, mabadiliko ya ufundishaji hayakufika nazo.

Makosa ya kila siku ni madogo kuliko hayo na yanazuilika. Jukwaa la masomo hufunguliwa kwa namba ya simu ya mwalimu mmoja. Akihama, msimbo wa kuingia unaenda kwenye simu yake na darasa zima linabaki nje. Akaunti iwe ya shule, iwe na wasimamizi wawili, na misimbo ya dharura ichapishwe na kuwekwa kwenye bahasha ndani ya kabati la chuma. Matokeo na mahudhurio yapakuliwe kila mwisho wa mwezi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Ukomo wa kuwasilisha kazi usiwe saa sita usiku. Wote hupandisha kazi dakika za mwisho, mtandao unaelemewa, na hakuna mtu macho wa kusaidia. Saa nane mchana siku ya kazi inafaa zaidi, na anayeshindwa alete karatasi asubuhi inayofuata bila kuadhibiwa, mradi aonyeshe picha ya kioo yenye saa ya kujaribu.

Na kila mwalimu anayefundisha kwa projekta awe na kipindi kilekile kwenye nusu karatasi, kinachoweza kufundishwa kwa chaki. Kukitayarisha huchukua dakika kumi, na mara nyingi ile nusu karatasi ndiyo inayomwonyesha kwamba slaidi 40 zilikuwa na mambo manne tu.

Nisingependa haya yasomeke kama wito wa kurudi nyuma. Video iliyopunguzwa kasi inamwonyesha mwanafunzi mpira unaoanguka ukizidi kukaza mwendo, jambo ambalo jicho peke yake haliwezi. Programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo imewafungulia wasioona vitabu ambavyo nakala zake za nukta nundu hazikuwahi kuchapishwa. Kwa mwanafunzi asiyeona kifaa ndicho mlango wa kuingilia darasani, kwa hiyo sanduku la simu na makatazo ya kioo havimhusu. Kinachomhusu ni kilekile kinachowahusu wenzake. Kikokotoo chake kinasema namba kwa sauti kupitia kisikilizio cha sikio moja, ili sikio jingine lisikie darasa, na kabla hajakigusa anaandika makadirio yake kwa nukta nundu au anamnong'onezea mwalimu msaidizi ayaandike: 50 mara 20, kama 1,000 hivi.